Mgongo wa picha: kutunza mabango, katuni na kadi za wanajeshi wanawake, 1942–1945

Bango la kuandikisha wanawake jeshini la mwaka 1943 na kadi posta ya kuchekesha ya mwaka huohuo zikiingia pamoja kwenye hifadhi ya nyaraka, mara nyingi hutenganishwa siku ya kwanza. Bango linalazwa kwenye droo pana ya michoro, linavishwa plastiki na kupewa namba. Kadi inatumbukizwa kwenye boksi la "mengineyo", au inatupwa, kwa kuwa ni kitu cha dukani tu, cha senti chache, na mchoro wenyewe hauna adabu. Hasara ya hapo haionekani kama ya mchwa, lakini ni kubwa kuliko ya mchwa. Vitu hivyo viwili vilikuwa vinajibizana. Bango lilimwonyesha mwanamke kidevu juu, sare imenyooka, bendera nyuma yake. Kadi ilimwonyesha yuleyule, kwa sare ileile, akikimbizwa na sajenti au akihangaika na suruali iliyoshonewa mwanamume. Msichana aliyekuwa akifikiria kujiandikisha aliviona vyote viwili, na baba yake pia. Ukibakiza kimoja, umebakiza nusu ya mazungumzo.

Nitakaa na mikusanyo ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu huko vitu hivi vilichapwa kwa wingi na mifumo ya namba zake inasomeka hadi leo. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro kimekuwa kikikusanya historia ya wanawake wa jeshi tangu 1998: mahojiano, barua, sare, mabango na takataka zote tamu za zama zile. Chuo kikuu cha Texas Woman's University, mjini Denton, kinatunza nyaraka za marubani wanawake wa WASP. Picha rasmi ziko Maktaba ya Bunge na Nyaraka za Taifa, Washington na viunga vyake. Lakini kazi ya kutazama, kupanga na kuandika maelezo ni ileile hata kwa mtu mwenye albamu moja ya bibi yake ndani ya kabati.

Tuanze na majina ya vikosi, maana ukikosea hapa, kila kinachofuata kitakosewa. WAAC kilikuwa kikosi saidizi cha wanawake cha jeshi la nchi kavu. Sheria yake ilisainiwa tarehe 15 Mei 1942, na mafunzo yakaanza Fort Des Moines, Iowa, mwezi Julai. Kwa kuwa kilikuwa saidizi, wanawake wake walifanya kazi pamoja na jeshi bila kuwa ndani ya jeshi kisheria. Sheria ya tarehe 1 Julai 1943 ndiyo iliyowaingiza, herufi moja ikadondoka na kikawa WAC. Mabadiliko yalikamilika mwishoni mwa Septemba. WAVES ni wa jeshi la majini, tangu 30 Julai 1942. SPARS ni wa walinzi wa pwani, tangu Novemba 1942. Marines, kikosi cha askari wanaoshambulia nchi kavu kutoka baharini, walianza kupokea wanawake Februari 1943 na hawakuwapa jina la utani rasmi. Waliitwa Marines tu. WASP, marubani, walipata jina hilo Agosti 1943 na kikosi kikavunjwa tarehe 20 Desemba 1944. Walihitimu 1,074, na 38 walipoteza maisha mafunzoni na kazini, ilhali kisheria walikuwa raia. Haki ya kuitwa maveterani waliipata 1977. Kwa hiyo picha ya WASP isiandikwe "mwanajeshi" kana kwamba jambo lilikuwa rahisi. Andika "rubani wa kiraia wa WASP", kisha ongeza sentensi ya 1977. Sentensi hiyo ina uzito kuliko rangi ya ndege.

Neno letu la Kiswahili nalo linahitaji uangalifu. "Askari wa kike" ni zuri katika mazungumzo, lakini kwetu askari ni pamoja na polisi na mlinzi wa getini. Kwenye katalogi mimi napendelea "mwanajeshi mwanamke" kama neno la kutafutia, na "askari wa kike" kama kisawe chake, ili anayetafuta kwa lolote kati ya hayo afike.

Sasa yale ya mwaka 1943. Katikati ya mwaka huo uzushi juu ya wanawake wa WAAC ulisambaa nchi nzima: kwamba ni malaya waliovishwa sare, kwamba wanarudishwa makwao na mimba. Mwezi Juni mwandishi mmoja wa safu gazetini alidai kuwa wanagawiwa vizuia mimba kwa siri. Ilibidi afute usemi wake. Wakuu wa jeshi walidhani ni kazi ya adui, wakafanya uchunguzi. Matokeo yalionyesha kuwa maneno mengi yalianzia kwa Wamarekani wenyewe, na zaidi kwa wanajeshi wanaume. Jeshi lilikuwa limeota kuandikisha mamia ya maelfu. WAC haikuvuka sana 100,000 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasema kadi ya kuchekesha ni ushahidi. Ripoti ya ofisi itakueleza kuwa uzushi ulikuwapo. Kadi itakuonyesha ulivyochorwa, ulivyouzwa dukani na ulivyotumwa kwa posta na mjomba mcheshi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutotenganisha vilivyokuja pamoja. Ukilazimika kutenganisha kwa sababu ya ukubwa (bango la sentimita 71 kwa 102 haliingii kwenye boksi la barua) acha karatasi ya uhamisho mahali palepale kitu kilipotoka: kilikuwa nini, kilikuwa kati ya kipi na kipi, kimepelekwa droo gani, tarehe na jina la aliyehamisha. Weka nakala ya pili ndani ya jalada la bango. Wengi huandika ile ya kwanza na kusahau ya pili, na baada ya miaka 20 bango linakuwa yatima lisilojulikana limetoka kwa nani.

Kupata tarehe

Picha nyingi za aina hii hazina tarehe, lakini nguo zinasema. Kofia ngumu ya WAAC na WAC, ya mviringo yenye ukingo wa mbele, ilivaliwa tangu 1942. Kofia laini ya kukunja inazidi kuonekana kuanzia 1944. Koti la mwanzo kabisa lilikuwa na mkanda wa kitambaa kiunoni, ambao uliondolewa mapema. Alama ya kola ni kichwa cha Pallas Athene, mungu wa kike wa Wagiriki, na hiyo haikusaidii kutofautisha WAAC na WAC kwa sababu ilibaki. Kinachosaidia ni ndege. WAAC walikuwa na tai wao kwenye vifungo na kofia, mwenye umbo jepesi kuliko yule wa jeshi. Walipoingia jeshini walipewa tai wa jeshi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame kifungo. Ukiona tai wa jeshi, picha si ya kabla ya katikati ya 1943. Ukiona tai wa WAAC, usikimbilie kuandika 1942, kwani vifungo vya zamani havikung'olewa siku moja. Kitu kipya kinakupa mwanzo. Kitu cha zamani hakikupi mwisho. Nimeona katalogi nyingi zikigeuza kanuni hii kichwa chini.

Kwa maofisa wa WAVES angalia mikono ya koti: michirizi yao ilikuwa ya samawati, si ya dhahabu kama ya wanaume, na kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe hutokea hafifu dhidi ya kitambaa cheusi. Sare zao zilibuniwa na Mainbocher, mshonaji mashuhuri, na magazeti ya wakati ule hayakuacha kulitaja jina lake.

Kosa moja hujirudia kila mahali: mwanafunzi wa Cadet Nurse Corps kuandikwa kuwa WAC. Wale walikuwa wanafunzi wa uuguzi chini ya idara ya afya ya umma kuanzia 1943, raia, wenye sare ya kijivu, mabega mekundu na kofia ya bereti. Nyekundu na kijivu zikigeuka nyeusi na nyeupe, macho yanadanganyika. Tafuta bereti na beji ya begani yenye msalaba wa Malta.

Halafu kuna swali la nani hayupo. WAAC ilipokea wanawake weusi tangu darasa la kwanza, 40 kati ya 440, lakini kwa ubaguzi: mabweni yao, vikosi vyao. Jeshi la majini liliwakatalia hadi Oktoba 1944. Maofisa wawili wa kwanza, Harriet Pickens na Frances Wills, walipewa vyeo Desemba mwaka huo. Marines hawakuwapokea hadi 1949. Hivyo picha ya mwanamke mweusi kwa sare ya WAVES haiwezi kuwa ya 1943, hata kama bahasha imeandikwa hivyo. Na mkusanyo wa mabango ambao haumwonyeshi mwanamke mweusi hata mmoja lazima uandikiwe hilo waziwazi kwenye mwongozo wake: wanawake 855 wa kikosi cha posta cha 6888, chini ya Charity Adams, walifika Birmingham, Uingereza, Februari 1945 kuchambua mlima wa barua zilizokwama, kisha wakahamia Rouen, Ufaransa. Walipigwa picha na jeshi wakiwa kwenye gwaride. Kwenye mabango ya kuandikisha, uso uliouzwa ulikuwa mwingine.

Kadi posta zina lugha yake. Zile za miaka hiyo zenye uso wa mikwaruzo kama kitambaa, ziitwazo "linen" (kitani), ni za karatasi iliyogongwa chapa tu, hakuna kitani ndani yake. Mchapaji mkubwa alikuwa Curt Teich wa Chicago, na kadi zake nyingi zina namba inayotaja mwaka. Itafute pembeni mwa picha au upande wa nyuma: 3B-H na tarakimu nyingine maana yake ni 1943, kwa sababu B ni muongo wa 1940 na tarakimu iliyotangulia ni mwaka wake. A ni muongo wa 1930, C ni wa 1950. Namba hiyo ni mwaka wa kutayarisha kadi. Muhuri wa posta ni siku iliyotumwa, na kati ya hizo mbili inaweza kupita miaka. Andika zote. Anwani iliyochapwa nayo inasaidia: namba ndogo baada ya jina la mji mkubwa, mfano Chicago 6, ilianza Mei 1943. Namba ya tarakimu tano ilianza 1963, hivyo ukiiona kwenye kadi "ya vitani" ujue umeuziwa nakala. Na mahali pa stempu pakiandikwa kwa mkono neno "Free", aliyetuma alikuwa jeshini, akitumia haki ya kutuma barua bila malipo.

Picha za magazeti, igeuze kabla hujaitazama usoni. Nyuma kuna muhuri wa wakala, ukanda wa karatasi wenye maelezo, muhuri wa mkaguzi wa kijeshi, na tarehe iliyogongwa na maktaba ya gazeti. Tarehe hiyo mara nyingi ni ya siku picha ilipochapishwa au kuwekwa faili, si ya siku iliyopigwa. Mistari ya penseli ya nta usoni inaonyesha mhariri alivyoikata. Usiifute. Ukiona mhariri amekata wanawake sita wakarabati wa injini akabakiza mmoja anayetabasamu, umeona propaganda ikitengenezwa mezani.

Picha rasmi zina vichwa vya namba vinavyokueleza zimetoka wapi: 111-SC ni kikosi cha mawasiliano cha jeshi, 80-G ni jeshi la majini, 26-G ni walinzi wa pwani, 44-PA ni mabango, yote katika Nyaraka za Taifa. Kwenye Maktaba ya Bunge, LC-USW3 ni picha za ofisi ya habari za vita. Ukikuta namba hizo kwenye nakala iliyopauka ya familia, unaweza kwenda kutafuta negativu yenyewe na maelezo yake kamili. Nakili namba hiyo kabla ya kueleza picha inaonyesha nini.

Original au nakala?

Mabango haya yana soko, na penye soko pana ulaghai, ingawa mengi ni nakala halali za dukani zilizosahaulika darini. Pima kwanza. Vipimo vya kawaida ni inchi 28 kwa 40 na inchi 22 kwa 28 (sentimita 56 kwa 71). Kitu cha inchi 11 kwa 17 kinaomba maswali. Tazama ukingo wa chini: mabango ya serikali hubeba mstari wa mchapaji wa serikali wenye mwaka, alama ya O na namba ya kazi. Chini ya lenzi, uchapaji wa ofseti unaonyesha vitone vilivyojipanga kwa mpangilio. Printa ya wino ya siku hizi inaonyesha vumbi la vitone lisilo na safu. Kisha zima taa uwashe ile taa ya UV ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kwa nguvu ina kemikali ya kung'arisha iliyoenea kwenye karatasi kuanzia miaka ya 1950. Ya 1943 inabaki butu, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Mikunjo isikutie shaka: mabango mengi ya vita yalitumwa yakiwa yamekunjwa, na mikunjo iliyonyooka katika robo ni dalili njema.

Hapa pia ndipo pa kumwondoa yule mwanamke wa kitambaa chekundu kichwani, anayekunja mkono na kuonyesha msuli. Kila maonyesho ya "wanawake jeshini" humweka mlangoni. Si mwanajeshi. Bango lake lilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likabandikwa viwandani mwake kwa wiki mbili Februari 1943, na umma haukulijua hasa hadi miaka ya 1980. Likae kwenye mkusanyo, ila kwa tarehe ya umaarufu wake, si kama sura ambayo nchi nzima iliiona vitani.

Karatasi, filamu, kitambaa

Karatasi ya magazeti na vitabu vya katuni imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi yake inaila kutoka ndani. Usiilamineti. Joto na gundi ya laminesheni havirudi nyuma. Tumia mfuko wa poliesta safi wa unene wa milimita 0.1, na kadi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko ya PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, hutoa asidi yenye klorini na kushikamana na wino. Picha za fotografia ziwe kwenye karatasi isiyoongezwa alkali, iliyofaulu kipimo cha usalama wa fotografia. Joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ndilo lengo. Kwa wanaotunza vitu kwenye pwani yetu, ambako unyevu hupita 70 kwa miezi, heri feni, nafasi kati ya boksi na ukuta, na rafu iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, kuliko kiyoyozi kinachozimwa kila jioni. Unyevu unaopanda na kushuka kila siku huvuta karatasi na gundi kwa kasi tofauti, na picha inajikunja.

Bango lililokunjwa usilipige pasi. Lilaze chumbani penye unyevu wa asilimia 50 hivi kwa siku moja au mbili hadi lilegee, kisha liweke kati ya karatasi za kufyonza chini ya ubao bapa. Likiwa kavu na linavunjika kwenye mikunjo, acha hapo na umwite fundi wa hifadhi. Selotepu iliyogeuka kahawia pia mwachie yeye. Ukiivuta inaondoka na rangi. Ndani ya jalada moja weka mabango yasiyozidi 10 au 15, maana la chini hubeba uzito wa yote na anayetafuta hupekua kwa vidole.

Negativu ndizo za kutisha. Kodak iliacha kutengeneza filamu bapa ya naitreti, plastiki ya zamani inayoshika moto upesi, mwaka 1939, lakini filamu za roli ziliendelea hadi karibu 1950. Kwa hiyo negativu kubwa ya mpiga picha rasmi wa 1943 huenda ni ya asetati (plastiki iliyochukua nafasi ya naitreti), na ile ndogo ya kamera ya msichana kambini huenda ndiyo naitreti. Soma ukingo: neno SAFETY linamaanisha si naitreti. Naitreti inayooza inakuwa njano, inanata, na harufu yake inawasha pua. Ikishika moto hujitengenezea oksijeni, maji wala blanketi haviuzimi. Itenge siku hiyohiyo, nje ya chumba cha mabango. Asetati inanuka siki. Vipo vijikaratasi vya kupimia asidi vinavyobadilika kutoka buluu kwenda kijani hadi njano: kiweke ndani ya boksi lililofungwa kwa saa 24, na kama kimefika kijani, skani mapema kisha gandisha. Mifuko miwili ya plastiki inayofungika, moja ndani ya nyingine, pamoja na kadi ya unyevu kati yake. Ukitoa kwenye friza, subiri saa 24 kabla ya kufungua. Wanaoharakisha hupata umande juu ya picha.

Foronya za mapambo zenye jina la kambi na shairi la mama, za satini na mashada pembeni, zilinunuliwa kama zawadi na ni sehemu ya utamaduni huu sawasawa na mabango. Usizifue, rangi itachuruzika. Fyonza vumbi kwa nguvu ndogo kupitia wavu, zilaze bapa, na kila mkunjo ujazwe karatasi laini isiyo na asidi.

Albamu ya mabandiko ni jambo gumu na ndiyo yenye thamani kuliko vyote, kwa sababu mwanajeshi mwenyewe aliichagua: kadi ya kejeli aliyotumiwa, jirani yake picha yake akiwa kwenye gwaride, chini yake menyu ya Krismasi ya kambini. Mpangilio huo ni jibu lake kwa uzushi wote. Usiibomoe. Piga picha ukurasa mzima kwanza, kisha kila kitu kivyake, kisha kilichofichwa chini ya vipande vya kufunua, kwa namba zinazofuatana (ukurasa 014, kisha 014a, 014b). Karatasi za kutenganisha kurasa ziwekwe pale tu uti wa albamu unapoweza kuzibeba. Ukizidisha, uti unapasuka.

Kuskani: kadi na picha ndogo kwa pikseli 600 kwa inchi, mabango 300 hadi 400, faili la TIFF lisilobanwa, na kipande cha rangi za kulinganishia ndani ya fremu. Mbele na nyuma, daima. Kurasa za magazeti huleta mawimbi ya ajabu juu ya nyuso kwa sababu safu za vitone vya uchapaji zinagongana na safu za skana. Skani kwa 600 na upunguze baadaye kwenye nakala ya kutazamwa, na zima kabisa ile kazi ya programu ya kulainisha vitone katika faili kuu. Kadi zenye mikwaruzo ya kitambaa zimulikwe kutoka pande mbili kwa nyuzi 45, la sivyo mwanga wa upande mmoja hufanya kila mkwaruzo uwe kivuli.

Maelezo yawe ya tabaka mbili. La kwanza ni maneno ya asili, yakinukuliwa jinsi yalivyo, pamoja na yale ya kudhalilisha: "wasichana", "warembo", na mabaya zaidi juu ya wanawake weusi na Wajapani. La pili ni lako, la kueleza unachokiona. Ukiyasafisha ya kwanza, mtafiti hatajua mpiga picha aliambiwa aone nini. Ukiyaacha bila la pili, kejeli ya 1943 inageuka kuwa sauti ya hifadhi yako. Mwanamke aliyechorwa kwenye tangazo la sigara aliwekwa mbele ya mchoraji kama modeli. Andika "mchoro wa", usimpe cheo.

Majina ya mahali nayo yana tarehe. Kambi ya Fort Lee, Virginia, yenye makumbusho ya wanawake wa jeshi, iliitwa Fort Gregg-Adams kuanzia Aprili 2023, kwa heshima ya Arthur Gregg na huyohuyo Charity Adams wa posta. Mwaka 2025 jina Fort Lee likarudishwa, safari hii kwa kumtaja Lee mwingine. Katalogi ibebe majina yote mawili na miaka yake.

Kuhusu haki: kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani ni mali ya umma. Katuni na kadi za kampuni binafsi zilizochapwa 1943 zilihitaji tangazo la hakimiliki na kuhuishwa mwaka wa 28, yaani karibu 1971. Nyingi hazikuhuishwa, lakini kagua moja moja. Barua na picha za familia ambazo hazijachapishwa huhesabiwa hadi miaka 70 baada ya kifo cha aliyezitengeneza. Kwenye mikusanyo inayoendelea hadi Vietnam, jihadhari na amri za kijeshi: kuanzia Julai 1969 jeshi la nchi kavu lilianza kutumia namba ya hifadhi ya jamii ya mtu kama namba yake ya jeshi. Zifunike kabla ya kupandisha mtandaoni.

Kuna uhusiano wa kwetu ambao katalogi za mbali huukosa. Mwaka 1942 ofisi ya Uingereza ya kunasa mawasiliano ya Japani ilihamia Kilindini, katika shule ya Allidina, na wanawake wa jeshi la majini, Wrens, walifanya kazi humo. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na Wrens, wauguzi, wanawake wa kikosi cha Afrika Mashariki kilichotokana na FANY (kikosi cha kujitolea cha wanawake wa Uingereza), na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo wanawake 77. Picha ya Wren akitabasamu bandarini Mombasa, ikiwa ya Januari 1944, inahitaji kuunganishwa na orodha ya abiria wa meli hiyo, na orodha hiyo iunganishwe na majina ya askari waliozama nao.

Na majina ndiyo ya kunakiliwa kabla ya chochote. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya watu walioondoka jeshi la nchi kavu kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. WAC wamo katika kipindi hicho. Kwa mwanamke ambaye jalada lake liliungua, mstari wa penseli nyuma ya picha, "kutoka kushoto", unaweza kuwa ushahidi wa kambi aliyokuwapo na mwaka. Nakili kila jina kama lilivyoandikwa, na makosa yake ya tahajia. Weka jina la ukoo la kabla ya ndoa na la baada yake katika faharasa, kwa kuwa wengi waliandikishwa kwa moja na kufa kwa jingine. Andika pia mji uliotajwa kando ya jina. Ukiweza kusoma nusu tu ya neno, andika nusu hiyo na mabano yenye nukta, usibahatishe iliyobaki.